Begi la kijeshi lenye mfuko wa maji: anza na mrija, begi lifuate

SWALI: Naishi Morogoro. Septemba tunakwenda kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, na kabla ya hapo tunafanya mazoezi kwenye milima ya Uluguru kila Jumamosi. Nimeonyeshwa begi la kijeshi la lita 45, kitambaa 1000D, rangi ya mabaka, na ndani yake kuna mfuko wa maji wa lita 3 wenye mrija. Bei ni shilingi 95,000. Muuzaji anasema nikishalinunua hilo sihitaji kitu kingine. Nina urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 61. Nilichukue?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hilo liache. Wazo la kunywa kwa mrija huku unatembea ni zuri na litakufaa sana kwenye safari hiyo. Lakini begi lenyewe lina kasoro tatu: rangi, ukubwa, na huo mfuko wa maji unaotolewa kama nyongeza ya bure.

Rangi kwanza, kwa sababu hilo halina mjadala. Nguo na vifaa vya mabaka ya kijeshi si vya raia Tanzania. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa wananchi waliokuwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Kenya na Uganda nako raia haruhusiwi kuvaa kombati. Begi si shati, ni kweli, lakini hutaki kubishana na askari stendi ya Msamvu saa kumi na moja alfajiri juu ya tofauti ya begi na shati, basi likiwa linaondoka. Chukua jeusi, la kijivu, la kahawia au la rangi ya mchanga. Mabegi haya huwa na kipande cha velkro kwa mbele cha kubandikia beji. Kama limekuja na bendera ya nchi au nembo ya kikosi, ibandue kabla hujalivaa.

Tuje kwenye ukubwa. Kilimanjaro hubebi kambi yako mgongoni. Hema, godoro, begi la kulalia na nguo za akiba vinabebwa na wagumu, yaani wapagazi, na mizigo yao hupimwa kwa mizani getini. Begi lako wewe ni la mchana tu, kwa hiyo hebu tulipime. Begi zuri la kijeshi la lita 28 lina uzito wa kama kilo 1.6. Maji lita 3 ni kilo 3. Mfuko wa maji na mrija wake gramu 200. Koti la mvua gramu 500, suruali ya mvua 300, sweta la flisi 400, chakula cha njiani 500. Simu, taa ya kichwani na pauabenki gramu 500. Glavu, kofia na dawa gramu 300, na chupa tupu ya akiba gramu 200. Jumla ni kilo 7.5, karibu asilimia 12 ya uzito wako. Huo ni mzigo wa mtu anayetembea saa sita kwa siku kwenye hewa nyepesi.

Begi la lita 45 la kitambaa cha 1000D (kipimo cha uzi, nitakieleza mbele) lina uzito wa kilo 2 au zaidi likiwa tupu, na tabia ya begi kubwa ni kujazwa. Utatia kitabu, sweta la tatu, viatu vya kambini, chupa nyingine mbili, na kufika kambi ya Shira utakuwa na kilo 12 au 13 mgongoni bila kujua zilikotoka. Kwako wewe lita 25 hadi 30 zinatosha kabisa. Lita 20 ni kidogo: koti, suruali ya mvua na flisi vikiingia pamoja na mfuko uliojaa maji, zipu haitafunga, na ikifungwa kwa nguvu mfuko utabanwa.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo pa kutumia akili na fedha. Mfumo huu ulibuniwa na Michael Eidson, mtoa huduma za dharura wa Texas, Marekani, aliyekuwa akijiandaa kwa mbio za baiskeli za maili 100 kwenye joto kali. Alichukua mfuko wa dripu, akautia kwenye soksi ndefu, akaushona mgongoni mwa fulana, akapitisha mpira begani na kuubana mwisho wake kwa kibanio cha nguo. Kutokana na soksi hiyo ikazaliwa kampuni ya CamelBak mwaka 1989. Nakutajia hilo kwa sababu linaonyesha faida halisi ya kifaa: kunywa bila kusimama na bila kutoa mkono kwenye kazi yake. Chupa iliyo ndani ya begi inakudai usimame, ushushe begi na ufungue. Mpandaji aliyechoka huahirisha, na akifika kambini jioni anakuta amekunywa nusu lita tangu asubuhi. Mwenye mrija begani hunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 10 au 15, na hiyo inamfikisha kwenye lita 3 hadi 4 kwa siku, kiasi ambacho viongozi wa mlimani huwasisitizia wageni wao.

Kwa hiyo sehemu inayoamua kila kitu ni mfuko, mrija na chuchu ya kunywea. Begi ni nyumba yake tu. Mfuko wa bure unaokuja ndani ya begi la bei ndogo mara nyingi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: plastiki ngumu yenye harufu, mshono mwembamba, kifuniko cha kuzungusha chenye hesi laini kinachofungwa upande mara moja na kuvuja mara ya pili. Shauri langu ni hili: nunua begi lenye nafasi ya mfuko wa maji, na mfuko wenyewe ununue kando kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana kwa kazi hiyo, kama CamelBak, Source, HydraPak, Osprey au Platypus. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwenye begi. Begi likichanika fundi cherehani atalishona kwa dakika kumi. Mfuko ukipasuka unalowanisha flisi na koti lako mahali ambapo nguo iliyolowa ni hatari ya kweli.

Ukiushika mkononi, angalia haya. Uandikwe TPU au poliuretheni, aina ya plastiki ambayo ni laini, inajikunja bila kupiga kelele na haitoi ufa. Plastiki ya PVC achana nayo: inaachia ladha na inakuwa ngumu kwenye baridi. Kingo ziwe zimeunganishwa kwa kuyeyushwa, ukanda wa muunganisho uwe na upana unaoonekana, si mstari mwembamba kama wa maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki. Mdomo uwe mpana kiasi cha mkono wako kupita, kwa sababu usipoweza kuingiza mkono hutaweza kuusafisha. Kuna aina mbili za midomo: wa kifuniko cha mviringo cha kuzungusha, na wa kukunja na kutelezesha kibanio juu yake. Wa kukunja ndio mwepesi kusafisha na kukausha, kwani unafunguka mfuko mzima. Wa mviringo ni mwepesi kujaza kwenye bomba, lakini una mpira wa duara ndani ya kifuniko, na mpira huo ukijikunja au ukaingiwa na chembe ya mchanga maji yanavuja taratibu na wewe unadhani ni jasho.

Mrija uwe unachomoka kwenye mfuko kwa kubonyeza kitufe, na uwe na valvu inayojifunga ukichomolewa. Hapo unaweza kutoa mfuko na kuujaza bila kuvua mrija kwenye mkanda wa bega. Chuchu iwe ya silikoni, na nyuma yake kuwe na swichi ya kufunga na kufungua. Usikubali isiyo na swichi. Chuchu isiyo na swichi ikikandamizwa na begi la mwenzako kwenye basi itatoa maji yote kwenye kiti, maana mrija ukiwa chini kuliko mfuko maji yanajivuta yenyewe.

Ukubwa wa mfuko uwe lita 3, hata kama siku nyingine utajaza mbili. Gramu zinazoongezeka ni chache sana, na siku ya kupita Lava Tower, kwenye mita kama 4,600, hakuna atakayelalamika kuwa na maji ya ziada.

Kabla ya kuuamini, ujaze nyumbani hadi mwisho, ufunge, uulaze juu ya gazeti kavu na uweke juu yake mfuko wa unga wa kilo 5. Uache usiku kucha. Asubuhi gazeti litakuambia ukweli: likilowa pembeni ni kingo, likilowa juu ni kifuniko, likilowa chini ni muungano wa mrija. Kifuniko na mrija mara nyingi ni suala la kusafisha mpira au kusukuma vizuri. Kingo zikivuja, rudisha dukani. Usijaribu kuziba kwa gundi ya tyubu ya baiskeli, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mpira na haishiki TPU. Kinachoshika ni gundi ya poliuretheni, na hata hiyo ni ya tundu dogo tu, si ya mshono uliofumuka.

Tukirudi kwenye begi: lina vitu vinne vinavyohusu maji, na ukikosa kimoja utajua siku ya kwanza. Kiwepo kifuko cha ndani upande wa mgongo, ili uzito wa maji ukae karibu na uti wako na si nyuma kabisa unakokuvuta. Kiwepo kitanzi au ndoano ya kuning'iniza mfuko wa maji juu. Hiki watu hukipuuza, lakini mfuko usioning'inizwa hujikusanya chini kadiri unavyonywa, unakunja mrija mahali unapotokea, na maji yanakata wakati bado una lita nzima. Liwepo tundu la kutolea mrija juu ya bega, na yakiwa mawili ni bora zaidi, kushoto na kulia. Na chini ya kifuko kuwe na jicho dogo la chuma au la nyuzi la kutolea maji, ili mfuko ukivuja begi lisigeuke ndoo.

Kuhusu kitambaa, ile 1000D inayokuvutia maana yake ni uzito wa uzi: mita 9,000 za uzi huo zina gramu 1,000. Haisemi ni uzi wa nini wala umefumwaje. Nailoni ya 500D ni ngumu kuchubuka na ni nyepesi kuliko 1000D. Kwa matembezi yako inatosha na kubaki. Poliesta ya 600D au 900D ndiyo iliyojaa madukani ikiuzwa kwa jina la kijeshi. Si mbaya, na jua haliiharibu haraka kama nailoni, ila inachubuka mapema kwenye mawe. Soma lebo ya ndani ya mshono, na ukute imeandikwa nailoni au poliesta. Ile lebo ya nje inayoning'inia inaweza kubandikwa na yeyote.

Kipimo kizuri cha kujua kama begi la kijeshi ni la kweli ni ile mistari ya kanda iliyoshonwa kwa nje, inayoitwa MOLLE. Chukua futi ya fundi. Kila ukanda uwe na upana wa milimita 25, nafasi kati ya ukanda na ukanda milimita 25, na mishono inayogawa vyumba iwe kila baada ya milimita 38. Huo ndio mpangilio wa jeshi la Marekani, na vifuko vingi vya nyongeza vimekatwa kwa vipimo hivyo. Mabegi ya kuiga hukosea hapo: ukanda una milimita 20, au vyumba vina milimita 50, na kifuko ulichonunua kinacheza huku na huku. Kisha tazama kila mwisho wa ukanda na mahali mikanda ya mabega inapoingia kwenye begi. Panatakiwa kuwa na mshono mzito uliorudiwa mara nyingi kwa zigizagi fupi, kama ule wa pembe ya mfuko wa jinzi. Ukiona mstari mmoja wa kawaida, shika mkanda na uuvute kwa nguvu zako zote mbele ya muuzaji. Ukisikia uzi unakatika, umeokoa fedha.

Zipu kuu iwe kubwa, namba 8 au 10. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa nyuma ya kichwa cha zipu. Namba 5 ni ya kifuko cha simu. Vumbi la mlimani ni laini kama unga na linaua zipu kabla ya kitambaa, kwa hiyo beba mswaki wa zamani, usugue meno ya zipu kila jioni, na nyumbani pitisha kipande cha mshumaa mara moja kwa mwezi.

Vifuko vya pembeni usiviweke. Najua vinapendeza, na ndiyo raha ya begi la MOLLE, lakini asubuhi ya kupanda ukuta wa Barranco utakuwa unatumia mikono miwili, na kuna mahali njia ni nyembamba unapita ukiwa umekumbatia mwamba. Kifuko kilichotokeza sentimita kumi pembeni kinagusa jiwe na kukusukuma kuelekea usikotaka. Kifuko kimoja kidogo mbele ya mkanda wa kiuno, cha karanga na mafuta ya midomo, kinatosha. Ukuta huohuo ndio unaoonyesha thamani ya mrija kuliko mahali pengine popote, kwani mikono haipo huru na kiu ipo. Ubane mrija kwenye mkanda wa kifua kwa klipu au sumaku. Ukining'inia unanasa kwenye mawe na chuchu inachomoka.

Mabegi mengi ya kijeshi yametengenezwa kwa saizi moja, na mwili wako si wa saizi moja. Inamisha kichwa, papasa mfupa uliojitokeza shingoni juu ya mabega. Weka mikono kiunoni, vidole gumba vikutane mgongoni juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akupimie kwa futi kutoka mfupa wa shingo hadi mstari wa vidole gumba. Kwa urefu wako inaweza kuwa sentimita 41 hadi 45. Begi likiwa na mgongo wa sentimita 50, mkanda wa kiuno utakaa juu ya makalio badala ya kwenye nyonga, na uzito wote utabaki mabegani. Na huo mkanda wa kiuno uwe na sponji, upana wa kiganja. Mabegi ya kijeshi yana kasoro hii kuliko mabegi ya wapanda milima: mengi yana utepe mtupu wa kiuno, kwa sababu askari ana mkanda wake mwingine hapo. Kwa kilo 7.5 utepe unavumilika kwa saa mbili, si kwa saa saba. Ukute pia kibao chepesi cha plastiki au ufito wa alumini ndani ya mgongo, ili mfuko wa maji uliojaa usikutoe kibyongo mgongoni.

Dukani nenda na mfuko wako ukiwa na maji lita 3 na nguo za kilo tatu au nne. Utumbukize mfuko wa maji kwanza, ukiwa umejaa, begi likiwa tupu. Kuingiza mfuko uliojaa kwenye begi lililojaa ni vita, na ndivyo vitanzi vinavyokatika. Kaza mkanda wa kiuno kwanza, halafu wa mabega, mwisho wa kifua. Tembea dakika 15, panda ngazi kama zipo. Bega likiuma hapo hapo, litauma zaidi Machame.

Kama bajeti ni ile ile ya 95,000, usisite kwenda kwenye mitumba. Soko la Memorial pale Moshi na masoko ya mitumba ya Dar es Salaam hupata mabegi mazuri ya nailoni yaliyotumika kidogo. Nusa ndani, vuta mikanda, pitisha zipu mara kumi, pinda sponji uone kama inarudi. Lakini mfuko wa maji na mrija visiwe vya mtumba hata kama vinaonekana safi. Hujui kilichokaa humo miaka miwili.

Mfuko mpya ukifika nyumbani, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha tia vijiko viwili vya chakula vya bekingi soda ndani ya lita moja ya maji, utikise, inua mrija na ubonyeze chuchu ili maji hayo yajae hadi mwisho, uache usiku kucha. Ladha ya plastiki inaondoka yote au karibu yote. Maji ya kuchemsha yaache yapoe kwanza mpaka uweze kutumbukiza kidole bila kuungua. Maji ya moto sana yanalegeza kingo zilizoyeyushwa. Hilo likumbuke pia kambini, maana mpishi atakujazia kutoka kwenye sufuria.

Ndani ya mfuko weka maji matupu. Juisi, glukosi, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na unga wa vinywaji vya michezo vitie kwenye chupa ya pembeni. Sukari ikibaki kwenye mrija, siku mbili baadaye utaona madoa meusi yanayoteleza, na hiyo ni kuvu. Ikishatokea, changanya kijiko kimoja cha chai cha Jik kwenye lita moja ya maji, jaza mfuko na mrija, uache dakika 30, suuza mara tano. Ndani ya mrija pitisha uzi imara uliofungwa kipande cha kitambaa na ukivute mara kadhaa. Limau nalo linaondoa harufu, lakini usilichanganye na Jik hata kwa bahati mbaya, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini yenye sumu. Kukausha ndiko kunakoamua yote: chomoa mrija, uning'inize ncha zikitazama chini, tumbukiza mwiko mkavu ndani ya mfuko ili kuta zisigusane, weka kivulini penye upepo. Mwenye friza anaweza kuuhifadhi humo kati ya Jumamosi na Jumamosi. Kuvu haioti kwenye barafu.

Kila ukijaza, fanya jambo moja linalochukua nusu dakika: funga, geuza mfuko juu chini, na unyonye hewa yote kwa mrija mpaka maji yatoke. Kuna sababu mbili. Maji yasiyo na hewa hayapigi mawimbi mgongoni kwa kila hatua. Na hewa iliyofungiwa chini hupanuka ukipanda: Barafu Camp, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 57 ya ule wa pwani, kwa hiyo puto dogo la hewa ulilolifungia getini litasukuma maji nje kupitia chuchu.

Ubaya wa mfuko ni kwamba huoni umebakiza kiasi gani. Jumamosi za Uluguru zitumie kujifunza hilo. Panda Morningside ukiwa na lita 2 kamili, kunywa kwa saa, ukirudi pima kilichobaki kwa jagi. Fanya hivyo mara tatu na utajua unakunywa kiasi gani kwa saa. Wengi ni karibu nusu lita, na siku ya joto robo tatu. Usijilazimishe kupita lita moja kwa saa, kwa sababu maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu ya damu na kuleta kichwa kuuma na kichefuchefu, dalili ambazo mlimani zitachanganywa na ugonjwa wa mwinuko.

Usiku wa kileleni mambo yanabadilika. Mnaondoka Barafu, karibu mita 4,600, kwenye saa sita za usiku, na baridi hushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na hata zaidi, pamoja na upepo. Mfuko wenye lita 2 nyuma ya mgongo wako hauwezi kuganda haraka. Mrija ndio unaoganda. Mrija wa mita moja wenye tundu la milimita 6 una maji yapatayo mililita 30, sawa na vijiko viwili vya chakula, yaliyotandazwa kama uzi mwembamba kwenye upepo. Dakika chache bila kunywa zinatosha, na ikishaganda chuchu lita 2 zako ni mzigo tu. Chumvi na sukari haviokoi: ORS inashusha kiwango cha kuganda kwa karibu nusu nyuzi tu.

Kinachosaidia ni kuutoa maji mrija. Kila ukimaliza kunywa, inua chuchu juu ya kichwa, ing'ate ifunguke, pulizia pumzi mpaka usikie mapovu ndani ya mfuko, kisha funga swichi. Mrija ukiwa mtupu hauna cha kuganda. Uvalishe ala ya sponji, na uupitishe ndani ya koti badala ya juu ya bega, chuchu ikae kwapani. Maji utakayojaza saa tano usiku yawe ya uvuguvugu. Barafu Camp haina chanzo cha maji, yanabebwa na wagumu kutoka bondeni Karanga, kwa hiyo mwombe kiongozi mapema jioni akutengee ya kupashwa moto.

Na usiutegemee peke yake usiku huo. Beba chupa ngumu ya lita 1 yenye mdomo mpana, ya kutumiwa tena na tena, maana chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani. Ijaze maji ya moto, ivalishe soksi nene ya sufu, iweke ndani ya begi ikiwa imepinduliwa, mdomo chini. Barafu huanza juu ya maji, kwa hiyo itakuwa kwenye kitako na si kwenye kifuniko. Mrija ukigoma njiani kuelekea Stella Point, karibu na kilele, usiung'ate kwa hasira kwani chuchu iliyoganda inachanika, wala usiukaribishe kwenye moto wa kibiriti. Uingize wote ndani ya koti ugusane na fulana, kunywa kwenye chupa, na uujaribu tena jua likishachomoza upande wa kilele cha Mawenzi.